Mwanarusi na Sinia la Arobaini

Watu wa pwani husema kaburi la mzazi hukaa wazi siku arobaini. Katika nyumba za Waislamu wa Voi, waliopanda huko na reli na biashara, msemo huo hauchukuliwi kama mapambo ya maneno. Mwanamke aliyejifungua halali peke yake, haogi peke yake, wala hatoki uani bila mtu wa kumfuata. Siku ya arobaini watu hula pilau, mama na mtoto hutolewa nje, na kaburi huhesabiwa kuwa limefungwa. Kila mmoja hurudi kwake.

Mwanarusi binti Badawy hakuamini kuwa linafungwa siku hiyo. Alikuwa na sababu yake, na kwa miaka minane hakuieleza kwa mtu.

Kazi yake ilikuwa kukanda wazazi. Asubuhi na baada ya alasiri alichemsha maji na majani ya mkwaju, akatosa kitambaa, akakikamua na kukigandamiza tumboni na kiunoni mwa mzazi. Kisha alimfunga mkaja, ile shuka ya kulibana tumbo, akampaka mtoto mafuta na kumnyoosha viungo. Maji yalikuwa ya moto kiasi kwamba mkono usiozoea haukuweza kuyagusa. Wazazi walipiga kelele, na wengine walimtukana. Mke wa mwalimu mmoja alimwambia kwamba angezaliwa zama za Firauni asingekosa kazi. Mwanarusi alifurahi sana kusikia hayo. Mzazi anayetukana, alisema, bado anaujali mwili wake.

Aliowaogopa ni wale waliokaa kimya kitambaa kikiwachoma.

Mwaka wa 1989 alimkanda mke wa fundi cherehani mmoja, msichana mpole ambaye maji hayakumtoa hata pumzi. Wiki ya nne alimuuliza Mwanarusi kama mtoto anayenyonyeshwa na shangazi humsahau mamake. Mwanarusi alimjibu kwa mzaha na kumwambia ale supu. Hakumwambia mtu, kwa kuwa linalosemwa wakati wa kukandwa ni amana. Mkandaji anayelitoa nje hafunguliwi mlango tena. Siku ya arobaini alipokea ada yake akaenda zake. Siku ya arobaini na tatu yule msichana alitoka kwenda uani wenzake wakiwa sokoni, na aliporudishwa ndani alirudishwa amefunikwa. Mtaani ikasemwa kwamba ni ajali. Mwanarusi naye akasema ni ajali.

Basi miaka ikapita, akazidi kuitwa. Mikono yake ilisifiwa mpaka Mwatate.

Mwaka wa 1996 alikuja mjini muuguzi mmoja, Gertrude Mghoi, mzaliwa wa Chawia kule milimani, mwanamke mfupi mwenye hatua za haraka na subira ndogo. Aliletwa na mradi mdogo wa afya uliotaka kujua ni kina mama wangapi huvunjika moyo wakiwa na mimba na baada ya kujifungua, kiasi cha kuhatarisha maisha yao. Aliwakusanya wakunga na wakandaji kumi na wawili katika ukumbi wa kanisa kwa siku nne, akawapa chai na chapati, na kuwasomea karatasi yenye maswali kumi. Je, mama hupata usingizi mtoto akilala? Je, chakula kina ladha? Je, amewahi kuona ni heri asingekuwepo?

Mbithe, mkunga wa Kikamba aliyekuwa rika moja na Mwanarusi, aliinua mkono. "Sista, mimi sijalala tangu mwaka wa sabini na nne. Niandikie dawa."

Ukumbi ulicheka, na Gertrude akacheka pia. Lakini kwa mwaka mzima karatasi zake zilirudi safi. Alikwenda nyumba kwa nyumba, akauliza yote kumi, na kote akajibiwa alhamdulillahi, au Mungu ni mwema, au tunashukuru sista. Bwana mmoja aliyesimamia mradi kutoka Nairobi alizipitia akasema kwamba huenda Voi haina ugonjwa huo, na kama haina, mradi uhamie mahali ugonjwa ulipo.

Nimesalimiwa kwa lugha nyingi, na sikumbuki hata moja ambayo mtu akiulizwa hali hutegemewa kuieleza. Kwa Waswahili jambo hilo lina uzito zaidi: mwenye mtoto mzima mapajani akilalamika amemkufuru aliyempa. Karatasi ya Gertrude ilidhani inapima moyo, kumbe ilikuwa inapokea salamu. Mwanarusi ndiye aliyemwambia hivyo, waziwazi, siku moja walipokutana nje ya kituo cha afya.

"Umewauliza hali, mwanangu, na mavyaa zao wamekaa ubavuni. Ulitaka wakujibu nini?"

Gertrude alimuuliza yeye hujuaje. Mwanarusi alimweleza habari ya maji na kimya. Habari ya mke wa fundi hakuitaja.

Mvua zilianza Oktoba mwaka wa 1997 na hazikukoma. Watu waliziita El Nino, kama kwamba ni jina la mtu. Barabara ya Taveta ilikatika, ile ya Mombasa ikaliwa vipande, na mto uliozoea kuwa mchanga mtupu ukashuka na milango ya watu na mbuzi waliokufa. Simu zilikuwa siku moja zinapatikana, tatu hazipatikani. Mwanzoni mwa Novemba, katika hali hiyo, Aliya alijifungua mtoto wa kike.

Aliya alikuwa na miaka kumi na tisa, mzaliwa wa Lamu, ameolewa Voi na Munir, muuza mabati na vyuma vya baiskeli. Munir alikuwa amekwenda Bomeni, karibu na Taveta, kuangalia mzigo wake, na barabara ikamfungia huko. Mamake Aliya hakuweza kuja kutoka Lamu. Nyumbani alibaki na mavyaa yake, mamake Munir, Bi Safaa, mwanamke msafi, mchamungu, mwenye sauti ya kuamrisha hata anapoomba maji. Bi Safaa hakuwa mbaya. Alimpikia mkaza mwanawe uji wa pilipili manga kwa mkono wake na hakumruhusu kushika ufagio. Ila alikuwa na mabinti wawili wasioolewa, na alijua jinsi posa zinavyokatika.

Mwanarusi alianza kazi siku ya tatu. Siku ya kumi aliona kwamba Aliya hajanung'unika hata mara moja. Alizidisha moto wa maji kidogo, kwa kusudi. Aliya alitazama ukuta. Ngozi ilibadilika rangi, macho hayakubadilika. Tangu hapo Mwanarusi alipunguza moto na akaanza kukaa baada ya kukanda, akijifanya ananyoosha nguo za mtoto.

Siku ya thelathini Aliya alizungumza mwenyewe, kwa mara ya kwanza. Mvua ilikuwa imepungua na Bi Safaa alikuwa jikoni.

"Bi Mwanarusi, mama ana umri gani?"

"Mama yupi?"

"Mama huyu. Bi Safaa. Wamwonaje, ataweza kufika mtoto aanze chuo cha Kurani?"

Mwanarusi alisema Bi Safaa ana mifupa ya punda, atawazika wote. Aliya aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeletewa bei inayomfaa. Siku iliyofuata alikuwa mchangamfu. Alikunja nguo zake zote upya, akampa wifi yake mkubwa bangili mbili, akamaliza bakuli lake la uji. Bi Safaa alimshukuru Mungu kwa sauti. Mwanarusi aliona mtu anayegawa vyake kabla ya safari.

Siku ya thelathini na tatu Gertrude alifika na karatasi yake, buti zimejaa tope. Bi Safaa alimkaribisha vizuri na kukaa kitandani kando ya Aliya. Maswali yote kumi yaliulizwa. Aliya aliyajibu kwa tabasamu, alhamdulillahi sista, alhamdulillahi, na lile la mwisho alilijibu kabla halijaisha kusomwa. Mwanarusi alisimama mlangoni na beseni mkononi. Amana ilimshika ulimi. Lakini Gertrude alipotoka nje na kuinama kuvaa buti, alimfuata.

"Hiyo karatasi usiiandike kitu. Rudi kesho."

Hayo tu. Hakusema zaidi, na alijua kwamba hata hayo yametosha kumuuza Aliya.

Gertrude alirudi kesho yake akamwomba Bi Safaa ruhusa ya kumpeleka Aliya kituoni akaonwe na daktari. Bi Safaa alimjibu kwa adabu kwamba mzazi hatoki kabla ya arobaini. Gertrude akasema basi daktari aje. Bi Safaa akauliza ni nani aliyeleta habari kwamba ndani ya nyumba yake kuna mgonjwa, na alipouliza hakumtazama muuguzi, alimtazama Mwanarusi.

Ada ya mkandaji katika nyumba hizo hutolewa siku ya arobaini, juu ya sinia: doti ya kanga, chupa ya marashi, sahani ya halwa, na bahasha. Mkandaji hulipokea sinia kwa mikono miwili, humwombea mtoto dua, na hakai tena; kazi yake imekwisha. Asiyepewa sinia haondoki, na nyumba itakayomtoa hivyo hivyo, mikono mitupu, itasemwa mpaka mtoto aolewe. Bi Safaa aliijua vizuri kanuni hiyo. Siku ya thelathini na tano asubuhi alilitandaza sinia sebuleni, limejaa kuliko kawaida, akamwita Mwanarusi.

"Umetufanyia wema," alisema. "Zilizobaki nitamkanda mwenyewe."

Mwanarusi aliliangalia sinia. Aliyajua mapokezi hayo kwa miaka thelathini. Mikono yake ilikuwa ikinyooka yenyewe. Akaificha chini ya mtandio.

"Sijamaliza, Bi Safaa."

"Nani kasema hujamaliza?"

"Nasema mimi."

"Nyumba ni yangu, Mwanarusi."

"Naam, ni yako. Na sinia ni lako, mpaka nilipokee."

Akarudi chumbani kwa Aliya, akatandika mkeka mlangoni kwa ndani.

Sinia lilibaki palepale. Bi Safaa hakuliondoa, maana kuliondoa kungekuwa ni kukubali kwamba kazi haijaisha. Siku ya pili sisimizi waliipata halwa. Mwanarusi hakupewa chai, akanywa maji. Hakupewa chakula, akala makombo ya Aliya, ambayo yalikuwa mengi. Mawifi walipita bila kumsalimu. Alimkanda Aliya asubuhi na alasiri, na alipokwenda msalani alikwenda mbio na mlango wazi. Gertrude naye alikuja kila siku na mzani wake, akidai kwamba uzito wa mtoto haujamridhisha. Mtoto alikuwa mnene kama gunia. Bi Safaa alimruhusu mzani, si maneno.

Aliya aliona yote. Siku ya thelathini na nane alisema, "Bi Mwanarusi, nenda kwako. Unajiumiza bure."

"Nikienda wewe utafanya nini?"

Aliya aligeukia ukuta. Mwanarusi aliusogeza mkeka karibu na kitanda.

Siku ya arobaini nyumba ilijaa wanawake. Pilau ilikuwa tayari kabla ya adhuhuri, udi ukafukizwa, Aliya akavishwa na kupambwa kama biharusi, akakalishwa katikati. Na sinia likawa pale sebuleni, halwa imekauka, kanga hazijaguswa. Kila aliyeingia aliliona. Minong'ono ikapita upesi: sinia lina siku tano, mkandaji kalikataa.

Bi Safaa alikuwa amenyooka kama mlingoti. Wageni walimtazama yeye, kisha Mwanarusi. Ingetosha Mwanarusi kusema sentensi moja, jina lake lingesafika, na Aliya angekuwa mwenye wazimu wa Voi mpaka kufa kwake, na mtoto wake akaitwa mtoto wa yule.

Jirani mmoja mwenye ulimi, mke wa muuza nyama, ndiye aliyelianzisha. "Bi Mwanarusi, hizi kanga zina kasoro gani? Au doti moja haitoshi siku hizi?"

Mwanarusi alizitazama kanga. "Nimezoea doti mbili," alisema.

Kulikuwa na kicheko, kisha kicheko kikageuka kejeli.

"Ala! Basi tukuletee na mabati ya duka uezekee nyumba."

"Mvua hii, atayachukua."

"Na mie niliyempa doti moja mwaka jana, kumbe alininunia nisijue."

Alikaa, akayapokea moja baada ya jingine, mikono imefichwa. Hakumtazama Aliya wala Bi Safaa. Kabla ya alasiri habari ilikuwa imefika sokoni: Mwanarusi binti Badawy amekuwa mroho uzeeni, amekesha siku tano mlangoni mwa mzazi akidai nyongeza.

Wageni walipoondoka Bi Safaa aliingia chumbani, akafunga mlango, akakaa sakafuni, kitu ambacho hakuna aliyewahi kumwona akifanya. Aliya alikuwa amelala, au amefumba macho. Bi Safaa alizungumza polepole.

"Ungeweza kusema. Wote walikuwa pale."

"Ningeweza."

"Alikwambia nini?"

Mwanarusi alifikiri juu ya amana. Alimfikiria mke wa fundi, na siku tatu zile baina ya sinia na shuka aliyofunikwa. Kisha akasema, "Aliniuliza wewe una umri gani. Kama utaishi mtoto afike chuo."

Bi Safaa hakuelewa mara moja. Alikuwa na uso wa mtu anayepiga hesabu ndogo. Ilipomfikia aliweka kiganja chake juu ya mdomo, akakikandamiza hapo. Aliya alifumbua macho.

"Mama," alisema, "nimechoka. Sikutaka kuwatia aibu."

Bi Safaa hakumwambia ashukuru. Alipanda kitandani na nguo zake za sherehe, akajilaza nyuma ya mkaza mwanawe, baina yake na mlango.

Asubuhi walitoka wote wanne, mtoto kifuani kwa Bi Safaa, wakaruka madimbwi hadi kituoni. Gertrude alifunga mlango wa chumba cha chanjo. Bi Safaa, bila kuambiwa, akatoka kwenda kukaa kwenye benchi la nje. Maswali yakaulizwa upya. Lile la mwisho Aliya alilisikiliza mpaka likaisha, akasema ndiyo, na akataja siku aliyoichagua. Ilikuwa ni Jumatatu ile ile iliyokuwa inakuja.

Daktari wa maradhi ya akili aliyetarajiwa kuja kutoka Mombasa hakuweza kupita. Alizungumza na daktari wa kituo kwa simu siku laini ilipopatikana, na dawa zikaletwa na lori la jeshi. Bi Safaa alihamishia kitanda chake chumbani kwa Aliya. Munir aliwasili kabla ya Ramadhani, amekonda, akaambiwa kila kitu na mamake, na akalia mbele ya mkewe. Aliya alipona polepole mno, hakuna siku ambayo mtu angeweza kuinyooshea kidole. Yeye mwenyewe ndiye aliyenipa ruhusa ya kuandika haya, mradi jina na mtaa niyabadilishe, nami nimeyabadilisha.

Katika ripoti ya Gertrude iliyokwenda Nairobi kulikuwa na mgonjwa mmoja. Mradi ukaongezewa miezi sita. Aliacha kuuliza maswali majumbani, akaanza kuyauliza kituoni, mlango umefungwa, siku za mzani. Akawaomba wakandaji wote wasipokee sinia mpaka siku ya hamsini. Wote walikubali mbele yake. Nje ya ukumbi walisema hawana haja ya kuitwa kina Mwanarusi.

Bi Safaa alimwendea Mwanarusi baada ya Idi, amebeba sinia jipya. Alisema atazunguka nyumba kwa nyumba kueleza kwamba Mwanarusi hakuwa mroho.

"Utaeleza nilikaa kwa nini?" aliuliza Mwanarusi.

Bi Safaa aliliinamia sinia.

"Basi usizunguke."

Alilipokea sinia kwa mikono miwili, akamwombea mtoto dua.

Mwezi huo wa Februari hakuitwa popote. Mbithe alimtafutia nyumba mbili kwa Wakamba wenzake, ambako walimshangaa na maji yake ya moto. Kwa watu wake mwenyewe, wazazi walikandwa na msichana mwepesi aliyetoka Mombasa, mwenye kumaliza mapema. Mwanarusi alipita mbele ya nyumba zao akienda sokoni. Kwenye ile ya mpiga picha alibisha hodi, akasema amekuja kumpongeza mzazi tu. Wifi wa mzazi alimjibu kupitia dirishani kwamba wameshapata mtu, na pazia likarudi.

Akageuka akaenda kituoni. Gertrude alikuwa anaosha mzani. Mwanarusi alimtajia nyumba tatu zenye wazazi waliokaribia kutolewa, mmoja siku ya thelathini na tano, mmoja thelathini na saba, mmoja thelathini na nane. Gertrude aliandika majina, akavaa buti.

"Nianze na ipi?" aliuliza.

"Sijui, mwanangu," alisema Mwanarusi. "Sikuingia hata moja."